Arzihali ya Champagney na Watu wa Kilwa

Katika jimbo la zamani la Franche-Comté, mashariki ya Ufaransa, chini ya milima ya Vosges na baina ya miji ya Lure na Belfort, kuna kijiji kiitwacho Champagney, ambacho hakijapata kuwa makao ya wafalme wala chimbuko la wanazuoni mashuhuri, na ambacho msafiri aendaye Belfort aweza kukipita bila ya kuuliza jina lake. Walakini tarehe 19 Machi, 1789, watu wa kijiji hicho walikutana, wakaandika katika arzihali yao kwa Mfalme Louis wa Kumi na Sita ibara moja ambayo, kwa maoni yangu, yawapa haki ya kukumbukwa na kila mtu ambaye wazee wake waliuzwa, au waliuza, katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Ibara hiyo ni ya 29. Ndani yake wakulima ambao yamkini wengi wao hawakupata kuiona bahari maishani mwao walimwomba mfalme atafute njia ya kuuondoa utumwa wa watu Weusi.

Hazina ya Ufaransa ilikuwa imelemewa na madeni, na mfalme, baada ya kushindwa na kila hila ya kutafuta fedha, alilazimika kuliita Baraza la Matabaka Matatu, yaani mapadri, makabaila na raia wengine wote, ambalo halikupata kukutana tangu mwaka 1614. Kabla ya wajumbe kwenda Versailles kwa kikao cha Mei, kila parokia iliamrishwa iwakusanye wanaume wake waliotimiza umri wa miaka 25 na ambao majina yao yamo katika orodha ya walipa kodi, ili waandike daftari la malalamiko na maombi yao. Madaftari yaliyoandikwa nchini kote yalifika makumi ya maelfu, nayo ni akiba ya maarifa ambayo wanahistoria hawajaimaliza hata leo, maana ndani yake husikika sauti ya mkulima, ambaye katika vitabu vya wakubwa aghalabu hutajwa kama hesabu tu, akinena juu ya kodi zinazomfilisi, ushuri wa kanisa, wanyama wa bwana wanaoteketeza mazao yake naye hana ruhusa ya kuwafukuza, na kuni za msitu ambazo babu yake alizikata bure na ambazo yeye sasa auziwa. Utumwa wa Weusi haukutajwa ila katika machache mno ya madaftari hayo, na mengi ya hayo machache yaliandikwa na watu wa mijini waliosoma vitabu na kuhudhuria majadiliano. Daftari la kijiji cha wakulima lililoligusa jambo hilo ni nadra.

Wala watu wa Champagney hawakuwa watu wa raha waliokuwa na wasaa wa kuyahurumia ya mbali kwa sababu ya karibu yamewatengenekea. Kijiji chao kilikuwa katika milki ya nyumba ya watawa ya Lure, na chini ya ardhi yao yalikuwa yamegunduliwa makaa ya mawe, ambayo tangu katikati ya karne ile yalichimbwa kwa idhini na faida ya wakubwa. Tena Franche-Comté ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho za Ufaransa ambamo desturi ya kumfunga mkulima na ardhi ilikuwa bado hai: mtu aliyekuwa chini ya desturi hiyo akifa bila ya jamaa aliyekaa naye nyumba moja na kula naye chungu kimoja, shamba lake lilimrudia bwana, na mwanawe aliyekwenda kutafuta riziki mji mwingine hakurithi kitu. Voltaire katika uzee wake alipigania kwa kalamu haki za watu wa namna hiyo katika milima ya Saint-Claude, ndani ya jimbo lilo hilo, na mwaka 1779 mfalme aliiondoa desturi hiyo katika ardhi zake mwenyewe, lakini mabwana wengine waliachiwa hiari, na hiari ya mwenye kufaidi yajulikana. Kwa hiyo walioketi kuandika arzihali siku ile walikuwa watu wanaojua kwa jirani zao, kama si kwa nafsi zao, maana ya mtu kuhesabiwa pamoja na mali ya mtu mwingine.

Nitaieleza ibara yenyewe kwa maneno yangu. Wanakijiji walisema kwamba hawawezi kuyafikiri mateso ya Weusi katika makoloni bila ya mioyo yao kujawa na uchungu mkubwa, wakiwatasawari watu walio kama wao, waliounganishwa nao hata kwa dini, wakitendwa vibaya kuliko wanyama wa mizigo. Wakasema kwamba hawaoni jinsi mtu awezavyo kuyatumia mazao ya makoloni hayo endapo atakumbuka kuwa yamemwagiliwa damu ya wenziwe. Wakaongeza kwamba wanachelea vizazi vijavyo, vyenye elimu na busara zaidi, visije vikawashitaki Wafaransa wa karne ile kuwa walikuwa wala watu, jambo lisilopatana na jina la Mfaransa na zaidi lisilopatana na jina la Mkristo. Ndipo wakamsihi mfalme, kwa amri ya dini yao, atafute njia ya kuwageuza watumwa hao wawe raia wenye manufaa kwa mfalme na kwa nchi.

Kinachonishika moyo katika maneno hayo si huruma yake, maana huruma ilikuwa imeanza kuwa fasheni katika baraza za Paris, na makabaila wengi waliokuwa na hisa katika mashamba ya miwa ya Saint-Domingue, ambako watumwa walikaribia nusu milioni, waliweza kulia machozi ya kweli wakisoma riwaya juu ya mtumwa mwema. Kinachonishika moyo ni ile habari ya mazao. Mkulima wa Champagney alikitazama kipande cha sukari kilichofika sokoni Lure au Belfort, au konzi ya buni iliyosafiri kutoka kisiwa cha Bourbon, akajiuliza kimefikaje mkononi mwake, na jibu alilolipata akalikubali japokuwa lilimhusu yeye mwenyewe. Hakusema kwamba dhuluma ni kazi ya manahodha na wenye mashamba peke yao. Alisema kwamba mnunuzi naye yumo, na kwamba siku ya hesabu ataitwa pamoja na wauzaji. Hiyo ni insafu ambayo mabaraza mengi makubwa ya dunia, yenye makatibu na wanasheria, hayajaifikia hata sasa.

Wako wanaojaribu kuipunguza sifa ya kijiji. Wanasema kwamba fikira hiyo haikutoka kwa wakulima, bali kwa Jacques-Antoine Priqueler, mwana wa kijiji hicho aliyekuwa askari katika walinzi wa mfalme, ambaye yasemekana alizijua habari za Jumuiya ya Marafiki wa Weusi, iliyoundwa Paris mwezi Februari, 1788, na Brissot na wenziwe. Wengine husimulia kwamba ndani ya kanisa la Champagney kulikuwa na picha ya Mamajusi watatu wakimsujudia mtoto Yesu, mmoja wao, Balthazar, akiwa Mweusi, na kwamba uso huo ndio uso pekee wa Mwafrika ambao watu wa kijiji walipata kuuona. Yote mawili yaweza kuwa kweli, wala sioni jinsi yanavyowapunguzia sifa. Hapana umma uliopata kuamka bila ya mtu mmoja kuleta habari kutoka nje. Lakini kuletewa habari ni jambo moja, na kuikubali, kuijadili mbele ya jirani, kisha kuitia katika waraka unaokwenda kwa mfalme, katika siku ambayo kila mtu ana kilio chake mwenyewe cha kuandika, ni jambo jingine. Priqueler angeweza kusema mpaka usiku uingie; kama wenziwe wangekuwa na mioyo migumu, ibara ya 29 isingekuwako.

Hapa ndipo kisa cha kijiji hiki cha mbali kinapoingia katika kisa chetu. Tarehe 14 Septemba, 1776, miaka 13 kabla ya mkutano wa Champagney, mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice, aliyekuwa pia mganga, alifanya mkataba na Sultani Hasan wa Kilwa. Masharti yake yalikuwa mepesi kusomeka: Sultani atampa Mfaransa huyo watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kwa kila mtu, na juu ya hizo Morice atamtolea Sultani bakhshishi ya piastre mbili kwa kila kichwa, tena muda wa mapatano hayo ulitajwa kuwa miaka 100. Msomaji na aufikiri mwandiko huo kwa utulivu. Watu wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, kila mmoja akiwa na kitabu kimkatazacho kudhulumu, waliketi Kilwa Kisiwani, baina ya misikiti ambayo magofu yake wageni husafiri leo kutoka pande zote za dunia kuja kuyastaajabia, wakapatana juu ya watu laki moja ambao wengi wao hawajazaliwa bado. Watu hao walishushwa kutoka bara, kutoka nchi za nyuma ya Kilwa hadi kando ya ziwa Nyasa, wakapakiwa katika merikebu kwenda Île de France, ambayo sasa yaitwa Morisi, na Bourbon, ambayo sasa yaitwa Réunion. Mkataba haukudumu muda uliotajwa, kwani si miaka mingi baadaye Kilwa iliingia chini ya mamlaka ya Oman. Lakini biashara yenyewe iliendelea, na Wafaransa walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa.

Basi walioombewa na wakulima wa Champagney hawakuwa Weusi wa Guinea na Kongo peke yao, kama vitabu vingi vinavyotufanya tudhani. Buni ya Bourbon ilichumwa pia na mikono iliyotoka kwetu.

Nisingekitendea haki kijiji hicho kama ningekificha kilichopungua katika arzihali yake. Wanakijiji walisema watumwa ni ndugu zao kwa dini, nao walisema hivyo kwa sababu sheria ya makoloni ya Ufaransa iliamuru watumwa wabatizwe. Lakini je, yule Myao au Mmakua aliyefika Bourbon na mizimu ya kwao moyoni, au yule aliyekwisha kusilimu katika pwani, hakustahili kuhurumiwa? Haki isiyomfikia mtu ila kwa kupitia dini yake ni haki yenye mlango mwembamba. Tena waliomba watumwa wawe raia wenye manufaa. Hawakusema kwamba watu hao wana nchi zao, wafalme wao na makwao, na kwamba yamkini wangependa warudishwe. Haya ni mapungufu ya kweli, na ni mapungufu ya zama zao. Hata hivyo, mtu akitazama waliyokuwa wakiyasema wanafalsafa na mawaziri wa siku zile, ambao wengi walitaka utumwa upunguzwe kidogo kidogo ili wenye mashamba wasipate hasara, ataona kwamba wakulima hawa hawakutaja hasara ya mwenye shamba hata kwa neno moja.

Mfalme hakujibu. Baraza la Versailles liligeuka kuwa mapinduzi, na ingawa usiku wa tarehe 4 Agosti mwaka uo huo haki za mabwana juu ya wakulima zilivunjwa, watumwa wa makoloni waliachwa walipokuwa. Walijipigania wenyewe. Mwaka 1791 Weusi wa Saint-Domingue waliinuka, na ni baada ya upanga wao kusema ndipo Paris ilipotangaza, tarehe 4 Februari, 1794, kwamba utumwa umekwisha. Katika visiwa vya bahari yetu tangazo hilo halikutekelezwa: wajumbe wa serikali waliofika Île de France mwaka 1796 kuja kulitimiza walifukuzwa na wenye mashamba, wakarudishwa melini. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha utumwa kwa sheria. Na Toussaint Louverture, jemadari wa Weusi wa Saint-Domingue, alikamatwa kwa hadaa, akavushwa bahari, akafungwa katika ngome ya Joux, ambako alikufa kwa baridi na maradhi tarehe 7 Aprili, 1803. Ngome hiyo imo ndani ya Franche-Comté ileile. Jimbo lililotoa arzihali ya kuwaombea Weusi uhuru ndilo lililochaguliwa kuwa jela ya Mweusi aliyeutwaa uhuru kwa mkono wake, na tangu arzihali hadi kifo chake ilikuwa imepita miaka 14 tu.

Uhuru wa kudumu wa makoloni ya Ufaransa ulitangazwa tarehe 27 Aprili, 1848, kwa jitihada za Victor Schoelcher, na katika Réunion ulisomwa mbele ya watu tarehe 20 Desemba mwaka huo, ambapo watumwa zaidi ya 60,000 waliwekwa huru, miongoni mwao wazaliwa wa pwani na bara yetu na watoto wao. Hata baada ya hapo merikebu za Wafaransa zilizidi kuja pwani hii kwa miaka kadhaa kuchukua watu walioitwa vibarua huru, ambao walinunuliwa kwanza kama watumwa, kisha wakaulizwa mbele ya karatasi kama wamekubali kwenda. Mpango huo ulikatazwa mwaka 1859.

Na sisi je? Hatuwezi kuusifu mwangaza wa Champagney tukaliacha giza letu bila ya kulitaja. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash, chini ya kitisho cha manowari za Waingereza; hali ya utumwa yenyewe iliondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika orodha hiyo kila uamuzi umetoka juu. Nimeutafuta katika vitabu nilivyovisoma mji wetu mmoja, mtaa mmoja, baraza moja la wazee, lililokaa na kusema kwa maandishi kwamba karafuu hizi zina damu, nami sijalikuta. Lakini nimekuta habari za watoro wa Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya, watumwa waliowakimbia mabwana zao katika karne ya kumi na tisa wakajenga kijiji chao wenyewe, wakalima, wakajilinda, wakapigwa na kujenga tena. Hao ndio watu wa Champagney wa kwetu, nao wamezidi, kwa kuwa hawakumwomba mfalme yeyote. Ni aibu kwamba mtoto wa Malindi au Mombasa aweza kumaliza shule bila ya kulisikia jina la Fuladoyo.

Champagney nayo ilisahau. Kwa muda wa karibu miaka 180 daftari lake lilikaa katika hifadhi ya nyaraka, na kijiji kiliishi kwa makaa ya mawe, ambayo uchimbaji wake katika bonde lile ulikoma mwaka 1958. Vita Kuu ya Pili ilipofika katika milima ile mwaka 1944, askari Weusi wa Ufaransa Huru, baadhi yao wakiwa wametoka Afrika ya Kati na kupigana tangu jangwa la Libya, waliondolewa katika vikosi vyao kabla ya ushindi kukamilika, wakavuliwa makoti yao ya kijeshi yakavishwa vijana wa Kifaransa waliokuja kuchukua nafasi zao. Kitendo hicho kilifanyika katika pande zilezile za mashariki, katika majira yaleyale ambayo Champagney yenyewe ilipiganiwa na kukombolewa. Kama kungekuwako mtu mwenye kuikumbuka ibara ya 29 siku ile, labda angeona haya. Lakini hapakuwa na mtu wa kuwakumbusha.

Mwaka 1971 mtu wa kijiji hicho, René Simonin, aliitoa tena arzihali ile mbele ya watu, kukaanzishwa Champagney nyumba ya makumbusho iitwayo Nyumba ya Weusi na Haki za Binadamu, ikapata himaya ya Léopold Sédar Senghor, mshairi na Rais wa Senegal. Leo kijiji hicho kimeunganishwa katika njia moja ya ziara pamoja na ngome ya Joux, na Fessenheim, kijiji cha asili ya jamaa wa Schoelcher, na Emberménil, ambako Padri Grégoire, mtetezi mkubwa wa Weusi katika mabaraza ya mapinduzi, alikuwa paroko. Vijiji vidogo vimeona fahari kuutunza waraka wa wazee wao.

Jambo ninaloliomba ni jepesi. Wenye dhamana ya mitaala ya historia katika Tanzania na Kenya, na walimu ambao hawana haja ya kungoja mitaala, na wauweke mkataba wa Kilwa wa 1776 na ibara ya Champagney ya 1789 katika somo moja, ubao mmoja, siku moja. Mwanafunzi asome kwanza bei ya mtu, piastre 20 na bakhshishi mbili, kisha asome maneno ya mkulima aliyekataa kuila sukari bila ya kuuliza imetoka wapi, na mwalimu aongeze habari za Fuladoyo, ili mtoto ajue kwamba aliyeuzwa naye alikuwa na rai. Nyaraka zote mbili zinapatikana, na ibara ya 29 haijazi hata ukurasa mmoja wa daftari la shule. Mtu mmoja mwenye Kifaransa kizuri na Kiswahili kizuri aweza kuifasiri kwa jioni moja, na gazeti hili, naamini, halitakosa nafasi ya kuichapa.